Konokono wasafishaji wa akwaria ya maji ya chumvi

Konokono wasafishaji ni konokono wa bahari wanaofugwa katika akwaria ili wale mwani na mabaki ya chakula. Hutambuliwa kwa umbo la kombe, kifuniko cha mlango wake na tabia.

Trochus. Kombe lake ni pia yenye kitako bapa; kifuniko ni chembamba na laini. Hula mwani wa kiooni na maweni. Akipinduka, kwa kawaida hujigeuza mwenyewe.

Lithopoma tectum. Huyu wa Karibi huuzwa kwa jina la Astraea. Naye ana umbo la pia, lakini kombe lina mikunjo na kifuniko ni kigumu kama jiwe. Akianguka chali mchangani hushindwa kuinuka, hivyo mfugaji humgeuza.

Turbo. Ni mnene, wa mviringo, mwenye kifuniko kizito cha chokaa. Hula mwani mwingi na huangusha matumbawe yasiyogandishwa.

Cerithium. Kombe ni refu na lenye ncha. Huchimba mchanga, na hutoka zaidi usiku.

Nassarius. Ni mdogo, hujizika mchangani akiacha mrija wa kunusia nje, na huibuka anaponusa nyama. Hali mwani.

Konokono wa jenasi Conus, wapatikanao pia pwani ya Afrika Mashariki, hawafai: kombe lao ni la koni, mlango ni ufa mrefu mwembamba, na sumu ya Conus geographus imewahi kuua watu. Dawa za samaki zenye shaba huwaua konokono wote.