Pua ya daktari, panya wa SUA na kikohozi cha mjomba

Najua nimepotea. Test zimepandana, bumu nalo limechelewa, ndio maisha ya chuo. Ila leo hapa Mazimbu usingizi umegoma, basi naomba tupige stori ya historia, ingawa mimi ni mwalimu mtarajiwa wa baiolojia na kemia.

Nianzie nyumbani, Madimba. Mjomba wangu, kaka yake mama, alikuwa mkulima wa korosho na mvutaji sigara tangu ujana wake. Mwaka juzi alianza kukohoa. Watu wakasema ni salfa, maana ulikuwa msimu wa kupuliza mikorosho. Kikohozi kikagoma kuisha. Akapimwa makohozi, kipimo hakikuonyesha kitu, lakini akaanzishiwa dawa za TB. Akameza miezi sita yote bila kuruka siku, huku anazidi kukonda. Picha kubwa ya kifua ilipokuja kupigwa na kinyama kutolewa kikapimwe, jibu likawa saratani ya mapafu, tena imeshasambaa. Tulimzika kabla ya msimu mwingine wa korosho.

Jamani, kukohoa, kukonda, damu kwenye makohozi: magonjwa haya mawili yanafanana sana, na huku kwetu TB ndiyo inayojulikana. Mimi nikabaki na swali moja tu. Hivi hakuna njia ya kuijua mapema, hata kwa pumzi?

Nikaingia maktaba. Kumbe swali langu ni la zamani mno! Tangu enzi za Hippocrates, waganga wa Ugiriki walinusa pumzi ya mgonjwa. Hata leo madaktari wanajua kwamba kisukari kikizidi sana, pumzi hunukia kama tunda lililoiva kupita kiasi. Pua ilianza kupoteza hadhi darubini ziliposhika kasi. Tarehe 24 Machi 1882 Robert Koch alitangaza kwamba amekiona kijidudu cha TB. Huyu huyu Koch alikuja kufanya utafiti Dar es Salaam miaka ya 1897 na 1898, enzi za Mjerumani.

Pua ilirudi kwa mlango wa kemia. Mwaka 1971 Linus Pauling wa Marekani aligandisha pumzi ya watu, akaipima, akakuta kemikali zipatazo 250. Mmeona trafiki na kile kipima ulevi? Wazo ni lile lile: kilichomo kwenye damu hutoka na hewa, kwa sababu ndani ya mapafu damu na hewa vimetenganishwa na ukuta mwembamba sana. Seli za saratani huunguza chakula tofauti na seli nzima, na mabaki yake huingia kwenye damu. Mepesi hutoka na pumzi, mengine hutoka na jasho.

Mwaka 1985 watafiti wa Marekani walilinganisha pumzi ya wagonjwa wa saratani ya mapafu na ya watu wazima wa afya. Mwaka 1999 Michael Phillips na wenzake wakataja kemikali 22 za pumzi zinazoweza kuwatofautisha. Mwaka 2006 huko California mbwa 5 walifundishwa kunusa pumzi za wagonjwa 55 wa saratani hiyo, wakafanya vizuri. Na mwaka 2015 watafiti wa Córdoba, Hispania, wakajaribu jasho.

Sasa njooni nyumbani. Wenzangu wa hosteli hunitania kwamba sisi watu wa Mtwara panya kwetu ni mboga. Sawa, cheka. Lakini hapa hapa SUA panya buku ni mtumishi. Shirika la APOPO, lililoanzishwa Ubelgiji mwaka 1997 na Bart Weetjens, lilihamia Morogoro mwaka 2000. Panya wake walinusa mabomu ya ardhini Msumbiji, ng'ambo ya Ruvuma yetu, nchi iliyotangazwa mwaka 2015 kuwa imeyamaliza. Tangu 2007 wengine wananusa makohozi ya watu wanaohisiwa kuwa na TB. Panya mmoja anapitia sampuli 100 kwa dakika 20 hivi. Akisimamisha pua juu ya sampuli, maabara inaipima tena kuthibitisha, na wengi walioambiwa hawana wamegundulika kwa njia hiyo.

Kwa nini basi saratani ya mapafu haijapata kipimo chake cha kupuliza? Kwa sababu pumzi inabeba kila kitu: sigara, chakula, moshi. Kwetu Madimba gesi inachakatwa na kupelekwa Dar kwa bomba tangu 2015, lakini bibi bado anapikia kuni. Pumzi yake ikipimwa, moshi nao utakuwemo. Halafu kila utafiti unaleta orodha yake ya kemikali. Mpaka leo, atakayekuhakikishia saratani ni picha ya CT na kinyama kilichopimwa maabara.

Ninachokiona kwenye historia hii ni kwamba pua, iwe ya daktari, ya mbwa, ya panya au ya mashine, inakuonyesha pa kutazama, basi. Na "hakuna TB" nayo ni habari, ina maana swali bado liko wazi. Mjomba aliambiwa kipimo hakijaonyesha kitu, na hakuna aliyeuliza, "Sasa kama sio TB, ni nini?" Hata mimi, msomi wa familia, sikuuliza.

Mkienda likizo, mkikuta mtu nyumbani anakohoa wiki ya tatu, mpelekeni hospitali. Dawa zikiisha na kikohozi kikabaki, mrudisheni, mkaulize tena. Msione aibu.

Asubuhi nina kipindi saa moja. Tupo pamoja.