Mbio na Mchapuko: Lugha ya Mwendo Mjini Likasi

Mwaka 1952 treni za umeme zilianza kusafiri baina ya Jadotville, mji uitwao leo Likasi, na Tenke, njiapanda ya reli iendayo Angola. Reli yenyewe ilikuwa kongwe zaidi: ilifika Elisabethville, yaani Lubumbashi, mwaka 1910, na Bukama mwaka 1918. Sasa gari moshi lilikuwa halina moshi tena, na jina lake likaanza kupwaya.

Umeme wa eneo hilo ulitokana na mto. Tangu mwaka 1930 maji ya Lufira yalikuwa yakiporomoshwa Mwadingusha kutoka kimo cha takriban mita 110 ili kuzungusha mitambo. Kitu kiangukacho kutoka kimo hicho, hewa isipokizuia, hufika chini kwa muda usiotimia sekunde 5, kikiwa na kasi ya mita 46 hivi kwa sekunde. Galileo alikwisha kuieleza kanuni yake mwaka 1638: umbali wa kuanguka hukua kwa kipeo cha pili cha muda.

Wafanyakazi wa migodi na reli waliuishi mwendo huo kila siku, na waliuzungumzia kwa Kiswahili. Union Minière, iliyoundwa mwaka 1906, iliajiri watu wa makabila mengi, wakiwamo wa Ruanda-Urundi, na Kiswahili kikawa lugha ya kambi. Mbio na polepole yalitosha kazini. Hayakutosha kwa fizikia, kwani fizikia haiulizi tu kitu kinakwenda mbio kiasi gani, bali pia mbio hizo zinabadilika upesi kiasi gani.

Kwa dhana hiyo ya pili wanaistilahi walichagua neno mchapuko, kutokana na kuchapua mwendo. Ni chaguo zuri, ila lina mtego. Asemaye kawaida huchapua anapoongeza mbio, ilhali katika fizikia hata kupunguza mbio ni mchapuko. Tuseme treni yenye kasi ya mita 10 kwa sekunde inafunga breki na kusimama baada ya sekunde 50: mchapuko wake ni hasi, 0.2 kwa kipimo cha mita kwa sekunde mraba, nayo huserereka mita 250 kabla ya kutulia. Mwalimu asiyelieleza jambo hilo mapema atawapoteza wanafunzi wake.

Lakini ni mwalimu yupi? Mwaka 1990 TUKI ilichapisha Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia. Hata hivyo, sekondari za Tanzania ziliendelea kufundisha kwa Kiingereza, ingawa Kiswahili kilikuwa lugha ya shule za msingi tangu 1967. Kongo nayo, yenye Kiswahili miongoni mwa lugha zake nne za taifa, hufundisha fizikia ya sekondari kwa Kifaransa. Hivyo kijana wa Likasi aliyekulia kando ya reli, akibishana na wenzake kwa Kiswahili ni treni ipi ina mbio zaidi, huanza upya aingiapo darasani.