Mbau: nani atawalipia marehemu wetu?

Kiasi cha kilomita 20 kaskazini mwa Beni, barabara ya taifa namba 4 inapita Mbau, na hapo njia nyingine inachepuka kuelekea Kamango na mpaka wa Uganda. Tangu Oktoba 2014, mauaji ambayo serikali inawabebesha waasi wa ADF yalipoanza kutapakaa, vijiji vya kando ya njia hizo vimezika wakulima waliokatwa mapanga shambani. Matanga yakiisha, familia hubaki na swali la nani alipe, na adaiwe wapi.

Sheria ipo, tena ya kale. Dekreti ya 30 Julai 1888, ya enzi za Leopold II, inasema katika kifungu cha 258 kwamba anayemdhuru mwenzake kwa kosa lake lazima amfidie, na majaji wa Kongo wanaitumia hadi leo. Mjane, yatima, au mzazi aliyelishwa na mwanawe anaweza kudai riziki iliyokatika, na uchungu wa moyo pia. Anaweza kufungua kesi yake ya madai, au akajiunga na kesi ya jinai ili fidia ikadiriwe pamoja na adhabu. Zamani mlango huu wa pili ulifungwa katika mahakama za kijeshi. Sheria ya 2002 ndiyo iliyoufungua. Kwa watu wa Beni hilo ni jambo zito, maana kesi za mauaji huenda kwa majaji wa kijeshi. Agosti 2016, siku chache baada ya mauaji ya Rwangoma, kesi ya washukiwa wa ADF ilianza kusikilizwa Beni kwenyewe.

Tabu huja baada ya hukumu. Mshtakiwa hana kitu, na serikali inapoamriwa kulipa pamoja naye, familia huzeeka zikingoja. Jirani zetu wa Bogoro, Ituri, walioshambuliwa 24 Februari 2003, walikwenda mbali zaidi. Machi 2017 Mahakama ya Kimataifa ya Jinai iliamuru wahanga 297 wa kesi ya Germain Katanga wapewe kila mmoja dola 250, pamoja na misaada ya nyumba, masomo na kazi. Katanga alikuwa fukara, hivyo mfuko wa wahanga wa mahakama hiyo ukabeba mzigo. Dola 250 kwa aliyezika watu wake! Majaji wenyewe waliiita fidia ya ishara tu.

Kisha ikaja hukumu ya The Hague dhidi ya Uganda, ambayo jeshi lake liliingia mashariki mwa Kongo mwaka 1998. Kongo ilidai zaidi ya dola bilioni 11, ikihesabu raia 180,000 waliokufa. Tarehe 9 Februari 2022 Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilitoa dola milioni 325, kati yake milioni 225 kwa madhara yaliyowapata watu, zilipwe kwa mafungu matano ya milioni 65 kila mwaka. Kwa makadirio yake, waliokufa walikuwa kati ya 10,000 na 15,000. Pengo hilo lilitokana na ushahidi: fomu nyingi za wahanga zilifika bila nyaraka za kuzithibitisha. Na wakati hukumu inasomwa, wanajeshi wa Uganda walikuwa wamekwisha kurudi Beni tangu 30 Novemba 2021, safari hii wakiwa washirika wa jeshi la Kongo dhidi ya ADF.

Fedha za Uganda zinapitia mfuko wa FRIVAO, wenye makao Kisangani, na ni za wahanga wa vita vile vya zamani. Aliyefiwa Mbau baada ya 2014 anapaswa kuutazama FONAREV, mfuko uliowekwa na sheria ya 26 Desemba 2022 na unaopata asilimia 11 ya mrabaha wa madini. Kokote atakakokwenda ataulizwa ushahidi wa kifo na wa undugu. Wengi walizika haraka, wakakimbilia Beni au Butembo bila karatasi yoyote. Kwa hao, cha kutangulia ni kwenda kwa hakimu na watu walioshuhudia maziko, kabla mashahidi hao nao hawajatawanyika, ili kifo kiandikwe katika daftari la serikali.