Isnadi ya Sauti

Oktoba 1984, bendi ya Grateful Dead ya Marekani ilianza kuwatengea mashabiki sehemu maalumu ukumbini, nyuma ya meza ya fundi wa sauti, ili wasimike maikrofoni zao na kurekodi onyesho zima. Sharti lilikuwa kwamba kanda zibadilishwe bure, zisiuzwe. Kwa mwanamuziki wa huku kwetu aliyeziona kazi zake zikidurufiwa vibandani bila yeye kupata hata senti, uamuzi huo ungeonekana wazimu.

Kanda zilisambaa, na katika kusambaa zikachakaa. Yeyote aliyewahi kunakili kaseti anajua: nakala ya kwanza ina mvumo kidogo, nakala ya nakala ina mvumo zaidi, na ikifika mkono wa tano mwimbaji anasikika kama yuko chumba cha pili na mvua inanyesha. Ndiyo maana wabadilishanaji wa kanda wakajenga desturi ya kuandika ukoo wa kila rekodi. Aliyerekodi ni nani, kwa maikrofoni gani, kwenye mashine gani, na toka hapo imenakiliwa mara ngapi. Nasomea historia, na nilipokutana na desturi hii nilifikiria isnadi, ule mlolongo wa wapokezi unaotangulia hadithi za Mtume. Kabla ya kuuliza nini kimesemwa, unauliza kimepita mikononi mwa nani.

Mwaka 1998 baadhi ya wabadilishanaji hao walianzisha etree, jumuiya ya kupeana rekodi za maonyesho kupitia intaneti. Tatizo lao lilikuwa uzito. Sauti ya CD hupimwa mara 44,100 kwa sekunde, kila kipimo biti 16, kwa njia mbili, kushoto na kulia. Hiyo ni zaidi ya megabaiti 10 kwa dakika moja. MP3 ilikuwepo na ilikuwa nyepesi, lakini MP3 hutupa sehemu ya sauti ambayo inakisia sikio halitaikosa, na kilichotupwa hakirudi. Watu waliokuwa wamekimbia mvumo wa kaseti hawakutaka kuingia kwenye uchakavu mwingine. etree ikapiga marufuku MP3 na kuchagua Shorten, yenye faili za SHN.

Shorten ilitengenezwa na Tony Robinson, mtafiti wa utambuzi wa usemi wa Chuo Kikuu cha Cambridge, aliyeieleza katika ripoti ya mwaka 1994. Wazo lake halihitaji hesabu nzito. Sauti haiendi ovyo. Kipimo kimoja hufanana na vilivyokitangulia. Vipimo vitatu vikiwa 100, 103 na 106, programu inabashiri kinachofuata kuwa 109. Kikiwa 110, haiandiki 110, inaandika kosa la ubashiri tu, yaani 1. Namba ndogo zinahitaji nafasi ndogo, na kwa kuzipanga Shorten ilitumia mbinu ya Robert Rice wa maabara ya JPL, aliyekuwa akitafuta njia ya kubana picha zinazotumwa na vyombo vya angani. Anayefungua faili anabashiri vilevile, anaongeza makosa yaleyale, na kupata sauti ileile, biti kwa biti.

Hapo ndipo jambo jipya kabisa lilipoingia katika historia ya kunakili. Nakala ya mia ni sawa na ya kwanza.

Lakini Shorten yenyewe ilizeeka. Awali haikuruhusu kuruka hadi katikati ya wimbo, na leseni yake ilizuia matumizi ya kibiashara. Mwaka 2001 Josh Coalson alitoa toleo la kwanza kamili la FLAC, iliyo wazi kwa yeyote kuitumia apendavyo, na taratibu wana etree wakahamia huko. Kuhama kulileta utata ambao naupenda. Faili za SHN zilisafiri na faili ndogo ya MD5, namba ndefu iliyokokotolewa kutoka kwenye faili yenyewe, mfano wa alama ya kidole. Ukiigeuza SHN kuwa FLAC, faili imebadilika, hivyo alama ile haithibitishi tena kitu ingawa sauti haijaguswa. FLAC ikafanya busara: inabeba ndani yake MD5 ya sauti iliyofunguliwa. Vazi unaweza kulibadilisha. Kinachopimwa ni mwili.

Apple walikwenda njia yao. Mwaka 2004 walitoa ALAC, ambayo nayo haipotezi kitu, ila maelezo ya utengenezaji wake hawakuyatangaza. Ungeweza kutoka, lakini kwa kupitia programu yao. Mwaka 2005 David Hammerton aliichambua kutoka nje na kuchapisha programu ya kuifungua, na mwaka 2011 Apple wenyewe wakaachia msimbo wake. Kwangu huo ndio wakati ALAC ilipofaa kuwekewa akiba. Fomati isiyopoteza sauti lakini yenye mlango mmoja ni ghala ambalo ufunguo wake anao jirani.

Mkusanyiko wangu mwingi ni taarabu kutoka kwenye CD, na mwaka jana niliutoa ALAC kuupeleka FLAC. ALAC haina alama ya ndani ya sauti, kwa hiyo nilifungua kila faili pande zote mbili na kulinganisha vipimo vitupu. Vyote vilioana. Kompyuta ilimaliza usiku mmoja.

Majina ndiyo hayakufika yote. Kwenye FLAC unaweza kujitungia kisanduku cha maelezo na kukiita utakavyo. ALAC hukaa ndani ya faili yenye visanduku vilivyokwisha pangwa, na cha ziada huwekwa pembeni, mahali ambapo programu nyingi hazitazami. Msanii, albamu na mwaka vilivuka salama. Mtunzi wa shairi, mpiga udi na mpiga kanuni, niliokuwa nimewawekea visanduku vyao, programu niliyotumia iliwaacha nyuma. Katika taarabu mwimbaji na mwenye maneno mara nyingi ni watu wawili, kwa hiyo faili iliyobaki na “msanii” peke yake inaanza kusema uongo kwa sauti safi kabisa.

Wana etree, kwa bahati, waliuweka ukoo wa rekodi kwenye faili ya maandishi iliyo kando ya muziki. Maonyesho mengi yaliyoko kwenye maktaba ya Internet Archive, iliyoanza kuyapokea mwaka 2002 kwa kushirikiana nao, bado yanayo: maikrofoni, mashine, aliyerekodi, aliyegeuza. Nimeiga hilo. Kila albamu sasa ina faili yake ya maandishi, naijaza kwa mkono kutoka kwenye vijitabu vya CD, jina kwa jina. Nimefika herufi M.