Fremu ya pesa za pamba

Wadau, naunda baiskeli ya ndoto yangu: ya chuma, ya safari ndefu, Nkoma hadi Mwanza. Wenzangu wa mjini wananiuliza, kwa nini usitafute ya alumini, nyepesi? Jibu liko kwenye historia.

Miaka ya 1950 huku Usukumani pamba ilikuwa pesa. Wakulima walilalamika kupunjwa kwenye mizani ya wanunuzi binafsi, wakaanzisha vyama vya ushirika. Mwaka 1955 vikaungana kuwa Victoria Federation, Paul Bomani akiwa kiongozi. Mkulima akilipwa vizuri alinunua baiskeli, na Raleigh ya Uingereza ilikuwa heshima. Mnada na hospitali vikasogea karibu.

Ilikuwa nzito, rimu inchi 28. Lakini fremu ya chuma ikipasuka, fundi wa kuchomelea anaiunga jioni, asubuhi unaondoka. Alumini inataka vifaa na ujuzi ambao kijijini ni nadra.

Mwaka 1976 serikali ikavunja vyama vya ushirika. Mwaka 2002 Raleigh wakaacha kuunganisha baiskeli Nottingham. Fremu zikabaki.

Yangu ni Raleigh kuukuu: nimeitia spoku mpya na keria ya nondo. Siku hizi bodaboda zimetawala, na fremu kama hii huuzwa kwa kilo, chuma chakavu. Kabla babu yako hajaipeleka ya kwake kwenye mizani, muulize kwanza: ilinunuliwa kwa magunia mangapi ya pamba?