Kauli ya Mtumishi: Mwanamke Mweusi katika Sinema, 1939–1968

Historia ya mwanamke mweusi katika sinema ni, kwa sehemu kubwa, historia ya mtumishi wa nyumbani. Mwaka 1940 Hattie McDaniel alikuwa Mwamerika mweusi wa kwanza kutunukiwa Oscar, kwa kuigiza mtumishi katika Gone with the Wind (1939). Mtumishi huyo husema sana, lakini maneno yake huhusu mambo ya mabwana zake; maisha yake mwenyewe hayaelezwi. Na usiku ule wa tuzo, McDaniel aliketishwa meza ya kando, mbali na waigizaji wenzake weupe.

Mtazamo huo uligeuzwa na Sembène Ousmane wa Senegali katika La Noire de... (1966). Diouana, msichana wa Dakar, anakwenda Antibes, Ufaransa, akitumaini kulea watoto. Huko anafanywa mpishi na mfagiaji. Mgeni mmoja anambusu kwa kuwa hajapata kumbusu mwanamke mweusi: hapo rangi na jinsia ni dhuluma moja isiyogawanyika. Hata hivyo, anayemkandamiza zaidi ni bibi wa nyumba, anayemkemea hata kwa kuvaa viatu vya visigino virefu. Uanamke pekee, basi, haukutosha kuwaunganisha.

Kiini cha filamu hii ni suala la kauli. Mbele ya waajiri Diouana hujibu kwa maneno machache tu. Mawazo yake husikiwa na watazamaji peke yao. Barua ya mamake husomwa na bwana, ambaye huanza pia kuandika jibu kwa niaba yake. Diouana anaichana barua. Baadaye anajiua, na mama anakataa mshahara unaoletwa Dakar.

Lakini filamu yenyewe haikuepukana na tatizo inalolifichua. Mawazo ya Diouana husikika kwa Kifaransa, tena kwa sauti ya Toto Bissainthe wa Haiti, si ya mwigizaji Mbissine Thérèse Diop. Aliyenyimwa kauli alitetewa kwa kauli ya kuazima. Mwaka 1968 Sembène alitumia Kiwolofu katika Mandabi, filamu ambayo mhusika wake mkuu ni mwanamume. Lugha ya nyumbani ilirejea katika sinema zake, ila Diouana hakupata kuwaza kwayo.