Mikono ya Kazi, Kutoka Pwani Hadi Kilimanjaro



Nyimbo tunazomwimbia biharusi zinajua kusifu macho, shingo, mwendo na mikono iliyopakwa hina. Sina ugomvi nazo. Lakini Waswahili tuna kapu jengine la ushairi ambalo siku ya harusi halifunguliwi, nalo ni nyimbo za kazi. Mabaharia na wavuvi wana kimai, wakulima wana vave (wengine husema wawe), na nyimbo za kazi kwa jumla huitwa hodiya. Wanaume wakivuta jarife au wakishua chombo, mmoja hutoa sauti na wengine huitikia, na kamba husogea pale pale kiitikio kinapoangukia. Wanawake wakitwanga kinu kimoja kwa michi miwili au mitatu, wimbo ndio unaozuia michi isigongane. Katika nyimbo hizo mzuri ni yule anayeshika mapigo na asiyemwachia mwenzake uzito.

Ushairi huo haukubaki ufukweni. Ulipanda bara pamoja na wapagazi, na moja ya njia walizopita iliishia Uchaggani, kwenye miteremko ya Kilimanjaro. Misafara ilitoka Pangani, Tanga, Vanga na Mombasa. Kila mtu alibeba mzigo wa kilo 30 hivi, wa nguo, shanga au waya, na kurudi walirudi na pembe. Waliimba njiani kama mabaharia wanavyoimba makasiani, kwa sababu ile ile: mguu unaokwenda na wimbo huchelewa kuchoka.

Tarehe 11 Mei 1848 mmisionari Mjerumani, Johannes Rebmann, aliona weupe juu ya mlima. Msafara wake uliongozwa na Bwana Kheri, Mwislamu wa pwani. Rebmann alipouliza weupe ule ni kitu gani, mtu wake wa njia alijibu neno moja tu: baridi. Huko Ulaya mabingwa wa jiografia walibisha kwa miaka kwamba theluji haiwezi kukaa karibu na ikweta. Mtu wa msafara hakuwa na haja ya ubishi huo. Kwangu mimi neno lile ni ushairi mtupu, maana anayeita theluji baridi ameitaja kwa ngozi yake.

Mwingine ni Mwini Amani wa Pangani. Tarehe 6 Oktoba 1889 Hans Meyer na Ludwig Purtscheller walifika kilele cha Kibo, na vitabu vyote vinawataja. Kambi yao ya juu, zaidi ya mita 4,000, ilishikwa na Mwini Amani. Wapagazi wengine walibaki chini na kupandisha chakula, yeye akakaa pale kwenye baridi, akipika na kulinda moto. Mtoto wa mji wa bahari, aliyezoea joto la minazi! Na mji wake ndio kwanza ulikuwa umetoka kwenye vita vya Abushiri, ambaye Wajerumani walimnyonga huko huko Pangani Disemba ya mwaka ule. Vita vile vilipata utenzi mrefu wa Hemedi bin Abdallah el-Buhriy. Utenzi wa Mwini Amani sijauona, na laiti ningekuwa na kipaji ningeuandika mwenyewe.

Hapa lazima tuseme kweli, kwa sababu sisi wa visiwani tunapenda kuisimulia misafara kama hadithi ya marashi na hariri. Si kila aliyebeba alibeba kwa hiari. Vita vya wamangi vilitoa mateka, mateka waliuzwa kwa misafara ya pwani, na wengi walikuwa wanawake na watoto. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa 1873, utumwa wenyewe ukafutwa Unguja na Pemba 1897, na Tanganyika 1922. Baadhi ya bibi zetu walifika pwani kwa njia hiyo. Kazi ya mtu aliyefungwa kamba hainipi hamu ya kuisifu. Uzuri ninaouona ni wa mtu mwenyewe, aliyeokoa wimbo wa kwao akamwimbia mtoto wake.

Na wale waliobaki mlimani? Mchagga huishi kwenye kihamba, shamba la migomba lililoizunguka nyumba, na kwa desturi ng'ombe hufungwa ndani. Ng'ombe hatoki, kwa hiyo majani yamfuate. Waliokuwa wakiteremka tambarare kuyakata na kuyapandisha kichwani ni wanawake, safari ya saa nyingi, tena kupanda. Samadi ya ng'ombe yule ndiyo inayolisha migomba na kahawa. Masoko nayo yalikuwa ya wanawake: ndizi, magadi, vyungu kutoka Upare. Chama cha wakulima wenyeji wa kahawa kiliundwa 1925, na KNCU ikafuata 1933. Vyama hivyo vimeandikwa sana, na vinastahili, ila kwenye daftari aliyepokea fedha mara nyingi alikuwa mume, wakati mke alikuwa mtini akichuma.

Nayasema haya kwa sababu nimewahi kusikia posa ikipoozwa kwa maneno, "Mikono yake migumu." Msichana alikuwa mkulima wa mwani. Bibi Fatima, binti wa Mtume wetu (SAW), alisaga kwa jiwe mpaka mikono ikaota alama, akaenda kuomba mtumishi. Yeye na Sayyidna Ali wakafundishwa tasbihi za wakati wa kulala, 33, 33 na 34. Hadithi ipo kwa Bukhari na Muslim. Wengi wetu tunaisoma tasbihi ile kila usiku na kuisahau mikono iliyotuletea. Biharusi mwenye sugu na apakwe hina juu ya sugu zake, na mwenye kuimba aziimbe.

Reli ya Tanga ilipofika Moshi mwanzoni mwa miaka ya 1910, misafara ya miguu ilififia, lakini mpagazi hakutoweka. Leo utamkuta kwenye malango ya Marangu na Machame, mzigo wake ukipimwa usizidi kilo 20, na kati yao sasa wamo wanawake. Wakifika kambini huimba kwa makofi. Wimbo wanaoupenda zaidi ni ule wa Them Mushrooms, bendi ya Mombasa, uliotoka 1982 kwa ajili ya wageni wa hoteli za pwani. Wao wameutia jina la Kilimanjaro na kuubadilisha watakavyo. Mmoja hutoa sauti, wengine huitikia.